Mume Aliyekonda Mikononi Mwangu

Huku kwetu Burundi mwanaume mwenye ofisi hakondi hivi hivi. Akikonda, watu hawamuulizi yeye, wanamtazama mke wake. Mume wangu alikuwa na meza yake Kigobe, katika jengo moja la serikali, na kitambi kilichokuwa kikiingia mlangoni kabla yake. Kitambi kile nilikijenga mimi. Nilikijenga kwa ugali wa muhogo, kwa wali, kwa ndizi za kupika na maharage yenye mawese, kwa chai ya maziwa yenye sukari hadi midomo inanata. Tukienda arusini wanawake wenzangu walinishika mkono na kunipa hongera, mumeo anaonekana anatunzwa, nami nilizipokea hongera hizo bila aibu yoyote.

Kidonda kilianza na viatu. Alinunua viatu vyeusi vya ngozi vya kwendea arusi ya binti wa mkubwa wake wa kazi. Vikambana, naye akavumilia kwa sababu vilikuwa vinang'aa. Alirudi na mchubuko pembeni mwa mguu wa kushoto, mdogo kuliko ukucha wangu. Mchubuko ule ukakataa kupona. Akaupaka mafuta, akaupaka dawa ya unga aliyopewa na mwenzake wa ofisini, akauficha ndani ya soksi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na harufu, maana siku moja sebule nzima ilinuka na paka hatuna. Nilimvua soksi kwa nguvu, yeye akiwa anatazama mpira, na nilichokiona kilinifanya nizime televisheni.

Daktari alikuwa dada mwembamba, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, na hakuwa na subira na wanaume wenye vitambi. Alimchoma kidole, akasoma namba kwenye kimashine, akamwambia bila kumbembeleza:

"Papa, iko sukari. Tena ya zamani, we tu ndiye ulikuwa hujui. Sukari ikishuka, kidonda itafunga. Ikikatala kushuka, tutakata muguu. Njia ingine apana."

Mume wangu akacheka kidogo, kama wanavyocheka wakubwa wanapoambiwa jambo na mtoto. Yule dada hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Mama, jikoni ya pale nyumbani ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi na muguu ni wako."

Nilirudi nyumbani kwetu, Mutanga Nord, na sentensi ile kifuani. Kabla hata sijavua kitenge niliingia jikoni nikatoa kila kitu. Unga wa muhogo, unga wa mahindi, mchele, sukari, viazi vitamu, mikate, maboksi ya juisi. Vyote nikawagawia majirani, wakashukuru, na baadaye ndio hao hao waliosema nimefanya kafara. Vidonge nikavipanga dirishani. Kuanzia siku ile mume wangu alikula mchicha tunaouita lengalenga, sombe ya majani ya muhogo isiyo na ugali wa kuisindikiza, mayai, samaki wa mukeke wa kuchoma, ndagala, yaani dagaa, za kukaanga na nyanya, parachichi, na uyoga ukipatikana. Chai aliinywa kavu, bila sukari wala maziwa.

Sikuwa mpole, na sitajifanya kwamba nilikuwa mpole. Mtu aliyezoea kula mlima wa ugali hawezi kuubomoa kwa maneno matamu. Siku za kwanza alikaa mezani akaisogeza sahani huku na huku, akauliza:

"Na bugali iko wapi?"

"Bugali iko kwa watu wenye miguu mizima."

"We mwanamuke, unaongea na bwana yako bile?"

"Naongea na kidonda. Kinyamaze kile."

Alinuna. Aliwahi kunikaripia mbele ya wageni, akasema nimemfanya mbuzi, namlisha majani. Nikamjibu kwamba mbuzi ana miguu minne, anaweza kupoteza mmoja na bado akatembea. Wageni walicheka, yeye hakucheka, nami nikaona raha. Nasema kweli, niliona raha. Miaka yote ile alikula bila kuniuliza kama nimechoka, na sasa lazima aniulize mimi kabla hajatia kitu mdomoni.

Na sukari ikashuka. Kila asubuhi nilimchoma kidole kabla hajanywa chai, na namba zilikuwa zinarudi chini polepole mpaka yule dada daktari akaanza kutabasamu. Kidonda nilikiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Nilikuwa nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Niliona kingo zake zinageuka kutoka kijivu kuwa nyekundu, halafu zikaanza kutambaa kuelekea katikati. Siku moja nilipofungua bendeji na kuona ngozi mpya, nilikaa chini sakafuni nikalia. Nilimpenda siku ile. Nilimpenda hadi nikamchekesha, nikamwambia akipona nitamnunulia viatu vinavyomtosha.

Lakini kitambi kiliondoka pamoja na sukari. Suruali zikamwanguka. Shingo ikatokeza kwenye kola kama mchi ndani ya kinu, mashavu yakaingia ndani. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba ana ile kitu, ugonjwa usiotajwa jina, na mimi ndiye niliyemletea. Wengine wakasema amefukuzwa kazi na anaficha. Jirani mmoja, mama wa kanisa, mwenye roho nzuri kabisa, alinishika bega akaniambia kwa huruma kwamba sala inaweza kutoa hata yale mambo tuliyoyafanya kwa kukosa akili. Sikumwelewa. Nilimwelewa baadaye, nikiwa naosha vyombo, kwamba alidhani nimemroga mume wangu, na sahani ikanivunjikia mkononi.

Kwao mume wangu ni Ruziba, kando ya ziwa, watu wa kulima na kuvua. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na kwa mama mkwe wangu kuwa mtoto wa Buyenzi peke yake ni ushahidi. Kijana wake alisilimu ili anioe. Hilo hajanisamehe mpaka leo. Huamini kwamba sisi wa Buyenzi tuna dawa za kila kitu, za kuvuta mume, za kumfunga, za kumfanya asisikie la mama yake. Nikimpikia samaki, anamgeuza kwanza aone tumbo lake.

Walikuja Jumapili, baada ya misa. Mama mkwe, wifi yangu, na baba mdogo wa mume wangu, mzee mwenye suti ya kahawia aliyeletwa ili maneno yawe na uzito. Hawakutangulia kupiga simu. Walitukuta mezani, mume wangu akiwa na sahani ya lengalenga na ndagala na nusu parachichi. Wifi akaangalia sahani, akaangalia shingo ya kaka yake, akaziba mdomo kwa kitambaa. Mama mkwe hakukaa.

"Kwanza mulimunyanganya jina," akasema. "Kisha mukamunyanganya pombe. Sasa munamunyanganya na bugali. Itabaki nini ya mutoto wangu?"

"Mama, ni daktari ndiye alikatala. Iko na sukari mu damu," nikamjibu.

"Mimi nimezaa saba. Sijaona mutoto mwenye kuuliwa na bugali."

Baba mdogo akakohoa. Akasema kwa upole, upole ule wa mtu anayekuchinja kwa kisu kilichonolewa vizuri, kwamba wao hawamshutumu mtu. Ila kuna desturi, na desturi haimdhuru asiye na kosa. Wangependa nionje chakula cha mume wangu mbele yao.

Mgeni wa mbali huenda asijue uzito wa ombi hilo. Kwetu Burundi mwenye nyumba akikuletea kinywaji hukionja yeye kwanza, anyanyue chupa au mrija, ameze, ndipo akupe. Ni heshima. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu, kaa kwa amani. Hufanyiwa mgeni. Mke kwa mume wake, kwenye meza ambayo wamelea watoto, haombwi kuonja. Kumwomba ni kumwita muuaji, na kumwita hivyo mbele ya mashahidi.

Nilimtazama mume wangu. Neno moja tu lingetosha, "muacheni mama wa watoto wangu." Alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Nikavuta sahani yake. Sikuonja, nilikula yote, lengalenga na ndagala na vichwa vyake, nikakwangua parachichi hadi ganda, nikalamba kijiko, na nikakaa nikiwatazama hadi baba mdogo akatazama saa.

"Sumu ingine ni ya polepole," akasema mama mkwe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuwaonyesha kidonda. Nilidhani macho yatashinda masikio. Nikapiga magoti, nikafungua bendeji, nikawaeleza kwamba kilikuwa kikubwa hivi na sasa kimebaki hivi, angalieni ngozi mpya ile, imekuja kwa sababu ya chakula hiki. Wakainama wote watatu. Kidonda kilikuwa na unyevu kidogo, kama kidonda chochote kinachopona. Mama mkwe akanyoosha kidole.

"Muone. Inatafuta njia ya kutokea. Sumu inatokea mu muguu."

Wifi akaanza kulia kwa sauti. Basi ikaamuliwa palepale kwamba atapelekwa Ruziba, kuna mama mmoja huko anayejua kutapisha sumu, atamsafisha tumbo, kisha watamrudishia mwili wake. Nililia, nilitukana, nilimkumbusha mume wangu maneno ya daktari neno kwa neno. Akasema, "Acha niende nipumuzike kidogo. Mama ni mama." Akatoka nao akichechemea, suruali ameishika kwa mkono. Nilimkimbilia wifi hadi kwenye gari nikampa vidonge na kimashine cha akiba. Mama mkwe alimwambia aviweke mkobani visimkaribie mgonjwa, dawa mbili haziingii tumbo moja.

Wifi alikuwa ananitumia picha kwenye simu, sijui kwa kunitesa au kwa kunifariji. Mume wangu na bakuli la dawa. Mume wangu anatapika kwenye beseni, watu wamemzunguka. Mume wangu na kibuyu cha mutobe, ile juisi ya ndizi isiyochacha, tamu kuliko soda, imetiwa asali ili kuliziba tumbo lililotapika. Kisha ugali. Picha baada ya picha, ugali. Mashavu yake yakaanza kurudi. Chini ya picha moja wifi aliandika, "Anafufuka."

Nilipokwenda kumwona nilimkuta uani, kwenye kiti, amevaa fulana, watoto wa ndugu zake wamemzunguka na majirani wanampongeza. Kweli alikuwa amenenepa. Alikuwa anakunywa maji bila kukoma, na kila mara anaomba mtu amshike mkono aende msalani. Mama mkwe alitoka jikoni na sahani, akaiweka mapajani mwa mwanawe, akanitazama mimi.

"Mugonjwa haulizwake uji," akasema. "We ulikuwa unamunyima."

Nilinusa mguu kabla sijaufikia. Ulikuwa umefungwa kwa jani na kitambaa safi. Mume wangu alikwepa macho yangu. Nikatoa kimashine changu, nikamchoma kidole mbele yao, na wote wakasogea kutazama kwa sababu kimashine kinapendwa na watu. Hakikutoa namba. Namba zake zina mwisho, na damu ya mume wangu ilikuwa imepita mwisho huo. Kikaandika herufi mbili tu, ambazo yule dada daktari alikuwa amenifundisha kuziogopa. Mama mkwe akainama akasoma, akaona hakuna namba. Akapiga vigelegele.

"Hata mashine haioni ugonjwa tena! Mwaona? Imeisha!"

Uani pakalipuka. Watu walinicheka, mmoja akaniambia nirudi Buyenzi na kimashine changu. Nilipiga kelele kwamba ni kinyume chake, imezidi, imezidi, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyoonekana mchawi aliyeshindwa. Mume wangu alisoma zile herufi. Tulifundishwa pamoja, kwenye benchi moja, na daktari mmoja. Alijua maana yake. Akachukua tonge.

Walimleta hospitali wao wenyewe, homa ilipomfanya aongee peke yake. Yule dada daktari alifunua kile kitambaa, akakirudisha, akaenda kuita wenzake. Walikata chini ya goti.

Tulingoja kwenye korido, familia nzima upande mmoja wa benchi na mimi upande mwingine. Kila mgeni aliyefika mama mkwe alimsimulia kwa sauti kwamba sumu ya mke ilikuwa imeshashuka mguuni, walichelewa kumtoa. Watu walinipita bila salamu. Nilikuwa nawatazama tu, na nadhani kutazama kwangu ndiko kulikomvunja wifi, maana yeye alikuwa na moyo laini kuliko wote. Alinifuata nilipokwenda kunawa.

"We usitutazame bile," akasema huku analia. "Mi sikuwa na wazo ya sumu. Ni bwana yako ye mwenyewe alitupigia simu. Alisema njaa inamuua, tukuje tumutoe. Mama akamuuliza, mwanangu, anakupa kitu? Akanyamaza. Mama akamuuliza tena, ni sumu? Akasema labda. Mama alilia siku muzima. Sasa ulitaka mama afanye nini?"

Nilifunga bomba. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimetafuta adui Ruziba nzima na kumbe nalala naye. Mama mkwe ananichukia, lakini alimwamini mtoto wake, na mama gani hafanyi hivyo? Mume wangu ndiye aliyejua kwamba nisingemwachia aende kwa sababu ya njaa, wala ndugu zake wasingekuja mbio kwa sababu ya njaa. Basi akatafuta neno litakalofungua mlango, na neno lenyewe lilikuwa mimi.

Nilimngoja apate fahamu vizuri. Sikumwonea huruma ya kumwacha apumzike. Nilisogeza kiti karibu na kitanda nikamuuliza:

"Ulimwambia mama yako nakupa sumu?"

Akatazama shuka mahali ilipolala bapa.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Hakuomba msamaha, wala mimi sikuutaka, maana msamaha ungenilazimisha kumjibu. Niliona mashavu yake, mashavu yale mazuri aliyorudishiwa, na nikamchukia kwa moyo wangu wote, chuki safi, isiyo na hata chembe ya huruma. Dada zangu wa Buyenzi walikuja kunichukua. Waliniambia nimwache kwa mama yake, ampikie mpaka ammalize. Nikakataa.

Nimemrudisha Mutanga Nord. Watu wanasema huyu mama ana moyo wa dhahabu, hata yule jirani wa kanisa ameanza kunisalimia. Wacha waseme. Yule dada daktari aliniambia maneno yale yale ya kwanza, sasa kwa mguu wa kulia, na mimi nimeamua mguu huo hauondoki. Si kwa mapenzi. Nataka aishi. Nataka azeeke, aone wajukuu, na kila siku ya uzee huo ale lengalenga na ndagala na chai kavu kutoka mkononi mwangu. Nampima asubuhi, nampima jioni. Namba zake ni nzuri kuliko za watu wengi wanaocheza mpira. Amekonda tena, na safari hii simtafutii mtu yeyote maelezo. Tukienda kliniki daktari ananisifu mbele yake, naye anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Nyumba yetu ina baraza, halafu ngazi za saruji, halafu ua, halafu geti. Jumapili iliyopita alikuwa barazani, magongo yameegemezwa ukutani, mimi nimempelekea mayai ya kuchemsha na nyanya. Geti likagongwa. Tulimsikia mama yake anabisha hodi, na kabla hata hajaita jina tulinusa ugali na sombe ya mawese, ameufunga kwa kitenge usipoe, ameubeba kutoka Ruziba mpaka huku. Akaita. Akaita tena, "Mutoto wangu, nifungulie, nimekuletea." Mama mzee yule, jua lile. Nusura moyo unilegee.

Mume wangu alinitazama mimi.

"Geti halina kufuli, ni komeo tu la ndani," nikamwambia. "Nenda ukamfungulie."

Nilisema kweli, halikuwa na kufuli. Akatazama magongo. Akazitazama ngazi, moja baada ya nyingine, hadi ya chini. Mama yake aliita mara nyingine, sauti imeanza kulia. Mume wangu akanyoosha mkono akachukua yai, akaanza kulimenya.